Pikipiki Kuukuu kwa Mwendeshaji Mpya

Pikipiki kuukuu, kwa maana inayotumika hapa, ni ile iliyokaa barabarani miaka kumi na zaidi, ikapita kwa wamiliki zaidi ya mmoja, na sasa inauzwa mkononi: haina dhamana ya duka, na anayeiuza ni mwenyewe au dalali. Nchini Tanzania huuzwa kijiweni, gereji, kwenye simu kwa picha tatu zilizopigwa baada ya kuoshwa, au kwenye mnada wa taasisi inayopunguza mali chakavu. Kwa mtu asiyewahi kumiliki chombo cha moto ndiyo njia rahisi ya kuanza, kwa sababu bei ya pikipiki huporomoka zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na anayeinunua ikiwa imekwisha kuporomoka hapotezi kingi akiiangusha au akiiuza tena.

Maswali mawili ya kwanza ya mnunuzi huwa ni ya mwaka gani, na imetembea kilometa ngapi. Hayo ndiyo yenye majibu dhaifu kuliko yote. Kebo ya mita hukatika na watu hawahangaiki kuirudishia, na mita nyingi zina tarakimu tano tu, hivyo zikipita 99,999 huanza upya kana kwamba pikipiki imetoka kiwandani jana. Mwaka nao unaeleza ilitengenezwa lini. Hausemi ililala wapi, ilibeba nini, wala oili yake ilibadilishwa na nani. Mnunuzi wa pikipiki ya zamani kwa kweli ananunua utunzaji wa mtu aliyemtangulia, na juu yake anaongeza jambo moja lililo nje ya pikipiki yenyewe: urahisi wa kupata spea.

Koo tatu

Pikipiki za zamani zinazozunguka katika soko la Tanzania zinaweza kugawanywa katika koo tatu. Wa kwanza ni wa pikipiki za mradi. Hizi zililetwa na serikali, misheni na mashirika ya misaada kwa ajili ya mabwana shamba, waganga wa vijijini na wakaguzi wa miradi: Yamaha DT125 na AG100, Honda XL125S, Suzuki TF125. Ni ndefu, zina matairi ya vifundo, na AG100 ilitengenezwa mahususi kwa kazi za shambani, ikiwa na keria mbele na nyuma, na cheni iliyofungiwa ndani ya kasha lisiloingiza vumbi. Nyingi ziliishi na namba za serikali, mashirika ya umma au miradi ya wafadhili (STK, SU au DFP) kabla ya kuuzwa kwa watu binafsi.

Ukoo wa pili ndio mkubwa zaidi, na chanzo chake ni Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda iliiunda kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na hupelekwa kwa fundi siku inapokataa kuwaka, si kabla. Injini nyingi ndogo za Honda za wakati huo zilikuwa na kemshafti juu, ndani ya hedi, inayozungushwa na taimingi cheni. Mpango huo unahitaji oili safi ifike juu kabisa, na cheni ikazwe kila inapolegea. Mwenye pikipiki akisahau yote mawili, hedi hulika na haitengenezeki tena kwa bei nafuu. Wahandisi wa CG waliishusha kemu chini, wakaizungusha kwa gia, na mwendo wake ukapandishwa kwa vijiti viwili hadi kwenye valvu. Hakuna taimingi cheni ya kulegea. Injini ya namna hiyo haikimbii kwa mizunguko mikali, lakini inavumilia uzembe, na uvumilivu huo ndio uliovivutia viwanda vya China. Nyingi ya pikipiki za Kichina zilizofurika Afrika Mashariki baada ya mwaka 2000, ziwe na jina gani kwenye tangi, zina injini iliyonakiliwa kutoka kwenye CG.

Ukoo wa tatu ni wa India: Boxer ya kampuni ya Bajaj, na TVS. Hizi zina kemshafti juu na taimingi cheni, lakini zimeenea kiasi kwamba spea zake zinapatikana hata kwenye duka la kijijini linalouza pia sukari na vocha.

Ukiniuliza, mwendeshaji mpya achague ukoo wa pili au wa tatu na aiache DT hata kama roho inaipenda. Na roho huipenda, kwa sababu DT ikipita kila mtu hugeuka. Lakini DT na AG100 ni injini za mizunguko miwili: oili huungua pamoja na petroli, ama kwa kuchanganywa ndani ya tangi, ama kwa pampu ndogo inayoifyonza kutoka kwenye tangi lake la pembeni. Pampu hiyo ikichoka bila mwenyewe kujua, pistoni hukauka na kushika ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma linaweza kujifunga pikipiki ikiwa mwendoni. Aliyezoea hubana klachi kabla hajafikiri. Mgeni hana mazoea hayo. Isitoshe, pistoni ya DT huenda ikasubiriwa wiki kadhaa, ilhali ya CG ipo Kariakoo mtaa mzima.

Urefu nao uhesabiwe. XL125S ina kiti cha milimita 830 hivi kutoka chini, na mtu wa kimo cha kawaida hugusa ardhi kwa ncha za vidole. CG na Boxer ziko chini zaidi, nyayo zinakaa vizuri, na uzito wake ni wa kilo mia moja na ushei. Wengi wa wanaojifunza huangusha pikipiki ikiwa imesimama au inatambaa: wanageuza uwanjani, wanasimama kwenye kokoto, wanaondoka kwenye kilima. Hapo kinachookoa ni mguu unaofika chini.

Kuikagua ikiwa baridi

Ukaguzi huanza kwa kugusa injini. Kama ni ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na huenda alikuwa na sababu. Injini iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na joto na husumbua ikiwa baridi, kwa hiyo inafaa kumwomba aiache ipoe, au kurudi kesho yake asubuhi. Anayekataa ombi hilo amekujibu.

Wakati inapoa, fungua chujio la hewa. Ni sehemu ndogo inayopuuzwa na wanunuzi karibu wote, na kwangu mimi ndiyo ushahidi mkubwa kuliko yote wa jinsi pikipiki ilivyotunzwa. Kwenye pikipiki nyingi za zamani ni sponji inayotakiwa kuoshwa, kukaushwa na kupakwa oili kidogo ili inase vumbi. Mara nyingi utakuta imepasuka, imeoza, au haipo kabisa, kwa sababu kuna fundi aliyewahi kusema kwamba ikiondolewa pikipiki "inavuta hewa vizuri". Kinachovutwa ni mchanga. Vumbi la barabara za Dodoma, Singida au Shinyanga lina punje ngumu za mawe, na likiingia kwenye kabureta halina pengine pa kwenda ila kati ya ringi na ukuta wa silinda. Huko linasaga pande zote mbili. Pikipiki iliyoendeshwa msimu mmoja wa kiangazi bila chujio inaweza kuwa imechakaa kuliko iliyotunzwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukikuta nyumba ya chujio ni tupu, na kwenye mpira unaoelekea kabureta kuna utelezi wa vumbi jekundu, hesabu kabisa gharama ya kufungua injini, hata kama kwa sasa inanguruma vizuri.

Pwani adui ni mwingine. Tanga, Dar es Salaam, Bagamoyo na Mtwara, hewa ya chumvi hula vyuma kuanzia pasipoonekana: chini ya tangi, ndani ya bomba la moshi, kwenye maungio ya waya, na mahali spoki zinapoingia kwenye rimu. Fungua kifuniko cha tangi umulike ndani kwa tochi ya simu. Kutu ya huko humeguka na kuziba kabureta, na kila ukiisafisha itarudi baada ya siku chache. Pikipiki iliyolala mafurikoni, kama yanayofika Jangwani, Dar es Salaam, karibu kila masika makubwa, hujulikana kwa oili yenye rangi ya maziwa na tope kavu kwenye pembe ambazo mpira wa kuoshea haufiki.

Kazi iliyofanya pia huandikwa mwilini. Bodaboda husimulia kupitia nyuma yake: keria iliyochomelewa upya, springi za ziada kwenye shokapu, kiti kilichorefushwa, vikanyagio vya abiria vilivyolika. Angalia fremu inaposhika shokapu za nyuma, na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapozungukia. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, ni beringi au bushi za mkono huo, na kati ya hizo bushi ndizo zinazosumbua zaidi kubadilisha. Ajali husomeka mbele: ncha za mikono ya breki na klachi zilizosagika, usukani uliopinda, shokapu ambazo ukisimama mbele ya pikipiki hazilingani, rangi iliyokunjamana au mpya kuliko kwingine kwenye shingo ya fremu. Fremu iliyopinda shingoni haina bei nzuri. Iache.

Inyanyue kwenye stendi ya kati, mtu akalie nyuma ili gurudumu la mbele liachane na ardhi, kisha zungusha usukani taratibu. Ukihisi unanasa katikati, beringi za usukani zimejichimbia mashimo. Ni spea ya bei ndogo, lakini pikipiki ya hivyo huyumba kwa mwendo mdogo, na mgeni hudhani kosa ni lake. Vuta cheni kwa nyuma, katikati ya spoketi kubwa: ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, cheni na spoketi zote mbili zibadilishwe kwa pamoja. Tairi zina tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukikauka kwa uzee huteleza kwenye lami yenye maji hata kama kashata bado ni ndefu.

Ikishawaka

Iwashe kwa kiki hata kama stata inafanya kazi. Mguu utahisi kompresheni: kiki inatakiwa igome kwanza, halafu ikubali. Ikishuka bila upinzani, ringi au valvu zimeachia.

Kisha tazama moshi, na usimame pembeni ya bomba, si nyuma yake. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke. Mweusi ni petroli nyingi kupita hewa, jambo linalorekebishika kwenye kabureta. Wa bluu ni oili inayoungua, na hapo lazima uendeshe, au aendeshe unayemwamini huku wewe ukifuata nyuma. Kwenye mteremko achia mafuta kabisa, halafu yafungulie ghafla: fungu moja la moshi wa bluu likitoka na kukoma, oili inapenya kwenye sili za valvu, kazi ya siku moja. Moshi ukitoka mfululizo wakati wa kupanda kilima, tatizo ni ringi na silinda. Kwa injini za mizunguko miwili kanuni hii haitumiki, kwani moshi wa bluu ni desturi yao.

Hapa ndipo muuzaji husema kwa fahari, "Kaka, hii injini haijafunguliwa tangu izaliwe." Sijui kwa nini maneno hayo yamekuwa sifa. Injini iliyofanya kazi ya bodaboda kwa miaka kumi na haijafunguliwa ni injini inayongoja kufunguliwa na wewe. Swali la maana ni lingine: pistoni iliyomo ni saizi gani? Silinda ikilika huchongwa na kufungwa pistoni kubwa zaidi, kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, mwisho 1.00. Silinda iliyofikia saizi ya mwisho haina tena nafasi ya kuchongwa. Ikichoka hubadilishwa yote au kuvishwa silivu. Muuzaji anayejua saizi ya pistoni yake, na jina la fundi aliyeifunga, ni mtu wa kumsikiliza.

Sauti ya juu ya injini inayogonga tiki-tiki kwa wepesi huwa ni tapeti zinazohitaji kusetiwa. Kishindo kizito kutoka chini, kinachoongezeka ukipakia mzigo, ni beringi za krankshafti au konekting rodi, na hiyo inahitaji injini ishushwe na kupasuliwa yote. Pitisha gia zote, ukikandamiza mafuta kwenye ya pili na ya tatu. Gia ikiruka yenyewe, meno yake yamelika mviringo na hakuna oili itakayoyarudisha. Pikipiki za zamani sana, zikiwemo XL125S na CG za miaka ya mwanzo, zina umeme wa volti 6. Taa yake usiku ni ya kubahatisha, na betri na balbu zake zimekuwa adimu, kwa hiyo uliza kabla hujashangaa.

Kadi, mkataba na hesabu

Pikipiki nzima yenye karatasi mbovu ni hasara kubwa kuliko pikipiki mbovu yenye karatasi safi. Tanzania Bara hati ya umiliki ni kadi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Ina jina la mmiliki, namba ya chasisi na namba ya injini. Ya chasisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, ya injini kwenye kasha la injini. Zisome mwenyewe kwa vidole na macho, usisomewe. Tarakimu zilizopinda, zilizo na kina tofauti, au zilizozungukwa na alama za msasa, zinatosha kukurudisha nyumbani. Namba ya injini ikitofautiana na kadi, huenda injini ilibadilishwa kihalali, lakini hilo lirekebishwe na muuzaji kabla ya fedha kutoka mfukoni mwako.

Tatizo la kawaida zaidi si wizi. Ni kadi yenye jina la mtu wa tatu. Juma alimuuzia Hamisi, Hamisi akamuuzia Saidi, na hakuna aliyekwenda kubadilisha umiliki kwa sababu ya gharama na foleni. Sasa Saidi anakuuzia wewe akiwa na kadi ya Juma, ambaye amehamia Mpanda na namba yake ya simu haipatikani. Uhamisho huhitaji mkataba wa mauziano, vitambulisho na namba za mlipakodi za pande zote mbili, kwa hiyo bila Juma utabaki mwenye kuendesha asiye mmiliki. Dawa ni kumtaka muuzaji alete mnyororo mzima wa mikataba, au amlete mwenye jina.

Lipo na jambo la mkataba. Bodaboda wengi huendesha pikipiki ya mtu kwa makubaliano ya kupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yao. Akizidiwa na maisha katikati ya safari, yupo anayejaribu kuiuza kabla haijawa yake. Wengine kadi halisi ipo kwa mkopeshaji kama dhamana, na mkononi wana nakala tu. Nakala haiuzi pikipiki. Za mradi zilizouzwa mnadani ziwe na hati ya mnada na ziwe zimekwisha kusajiliwa upya kwa namba ya mtu binafsi. Iliyosajiliwa Zanzibar ina taratibu na kodi zake za kuvushwa kuja Bara. Kwa Kenya hati ya kudai ni logibuku, na ukaguzi wake hufanywa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya huko.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, utaje tarehe na saa ya makabidhiano. Saa ina maana: kosa au ajali ya asubuhi ile isije ikawa yako.

Wiki za kwanza

Fedha zote zisiishie kwenye bei. Pikipiki ya zamani, hata ikiwa njema, ianze upya kwa mmiliki mpya: oili, ambayo kwa injini ya CG ni takribani lita moja, plagi, chujio, kebo za klachi na breki, breki shuu, na cheni kama imechoka. Fundi aseti tapeti injini ikiwa baridi kabisa. Kwa CG125 nafasi ni milimita 0.08. Oili ya kwanza uimwage mapema, baada ya kilometa mia chache tu, uitazame kwenye beseni jeupe. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida, vipande vinavyong'aa na kushikika kwa vidole sivyo. Ukienda kununua spea, beba ile ya zamani mkononi, kwa kuwa nakala za Kichina za injini moja hutofautiana kwa nafasi ya bolti au kipimo cha pini, na jina lililo kwenye tangi halimwambii muuza duka lolote.

Kofia usinunue ya mkononi. Ndani yake kuna tabaka linalobonyea mara moja tu kunyonya kishindo, na kofia iliyokwisha kuanguka vibaya haionyeshi kwa nje. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Bima ndogo ya watu wengine ni ya lazima kisheria, na leseni ni ya daraja A, baada ya mafunzo.

Breki za ngoma, zilizo kwenye pikipiki nyingi za umri huu, zina tabia ambayo anayejifunza anapaswa kuijua kabla ya masika. Ukivuka maji yaliyofika kwenye ekseli, maji huingia ndani ya ngoma na breki hupotea kwa mita kadhaa. Ukitoka upande wa pili, endesha kwa gia ya kwanza huku umezibana kidogo zote mbili, hadi shuu zikauke na uhisi zinashika, ndipo uongeze mwendo.